Imani Haipimwi kwa Kibaba

Miaka kadhaa iliyopita niliketi kando ya kitanda cha mama mmoja aliyekuwa akiugua kwa muda mrefu, mtu wa sala tangu usichana wake, ambaye jirani akisafiri humwachia yeye funguo za nyumba. Siku hiyo alikuwapo mgeni aliyekuja kumwombea. Alipokwisha kuomba alimwambia kwa sauti ya upole kwamba Mungu yuko tayari kumponya saa ileile, ila imani yake ndiyo haijatosha. Kisha akaaga, akaenda zake. Mama akageuzia uso ukutani, akanyamaza kitambo kirefu huku akilikunja na kulikunjua pindo la shuka, halafu akaniuliza, “Mwanangu, imepungua wapi?”

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na nimelitafuta palepale ambapo mgeni yule aliamini kuwa amelitoa neno lake, yaani katika Maandiko. Na kadiri ninavyoyasoma ndivyo ninavyozidi kuridhika kwamba alichoambiwa mama yule hakimo humo.

Fundisho lililo nyuma ya maneno yale limeenea sana, na wengi wanaolitoa hawana nia mbaya. Linaichukulia imani kuwa kitu chenye ujazo, mfano wa maji mtungini: yakifika alama fulani muujiza hutokea, yasipofika mgonjwa hubaki kitandani, na lawama humwangukia yeye. Shaka nayo huonekana kuwa ufa unaovujisha maji hayo, hata mwamini akajikuta anailinda akili yake dhidi ya kila swali, kana kwamba kuuliza ni kumwaga. Naiona picha hiyo kuwa ngeni kwa Biblia. Maneno yenyewe ambayo Biblia huyatumia, watu inaowasifu na hata watu inaowakemea kwa habari ya imani, wote wanatuelekeza kwingine: imani katika Maandiko ni jinsi mtu anavyomwegemea Mungu ambaye amejulikana kuwa mwaminifu, na nguvu ya jambo hilo imo kwa yule anayeegemewa.

Katika hili msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wasomaji wa lugha nyingi hawana. Amini, imani, amana, mwaminifu, aminika na aminiana ni ndugu wa tumbo moja, na ukoo wao umetufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka katika mzizi wa Kisemiti ambao Kiebrania nacho kinao. Katika Kiebrania mzizi huo umezaa kitenzi cha kuamini, nomino emuna, na lile neno dogo ambalo kila anayesali hulitamka mwishoni, amina. Maana yake ya msingi ni uthabiti, hali ya kitu kisichotikisika na kinachoweza kubeba. Neno la mlezi, ambalo Kitabu cha Ruthu kinampa Naomi alipomtwaa mtoto na kumweka kifuani pake, limetoka katika mzizi huo. Na neno la nguzo ambazo mfalme Hezekia alizibandua dhahabu ili amlipe mfalme wa Ashuru, katika 2 Wafalme 18:16, limetoka humo pia. Mlezi hubeba, na nguzo hubeba.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni Kutoka 17, penye vita vya Waisraeli na Waamaleki huko Refidimu. Musa yuko juu ya kilima, ameinua mikono. Ikiwa juu watu wake wanashinda, ikishuka wanashindwa. Mikono inachoka. Haruni na Huri wanatwaa jiwe, wanaliweka chini yake, analikalia, kisha mmoja anaushika mkono wa upande huu na mwenzake wa upande wa pili mpaka jua linakuchwa. Hapo mwandishi anasema kwamba mikono ya Musa ilikuwa emuna. Watafsiri wetu wameandika, kwa haki kabisa, kwamba mikono yake ikathibitika. Lakini neno ni lilelile analolitumia nabii Habakuki anaposema kwamba mwenye haki ataishi kwa imani yake, na hapo Refidimu ndipo linapotokea kwa mara ya kwanza katika Biblia. Itazame mikono hiyo kwa karibu. Inatetemeka, mabega yamekufa ganzi, na damu imeviacha vidole. Ndani ya mikono yenyewe hakuna nguvu iliyosalia. Uthabiti wake wote umetoka kwa ndugu wawili na jiwe moja. Kama kuna mahali ambapo Biblia imeichora imani ikaonekana kwa macho, naona ni hapo, na kilichochorwa ni mikono ya mtu aliyechoka.

Isaya analichezea neno hilohilo mbele ya mfalme Ahazi. Ni karne ya 8 kabla ya Kristo. Wafalme wa Shamu na Israeli wameungana kuipiga Yerusalemu, moyo wa mfalme na mioyo ya watu wake inatikisika kama miti ya msituni mbele ya upepo, na nabii anamkuta mwisho wa mfereji wa birika la juu, katika njia ya uwanja wa dobi, yamkini akikagua maji ya mji kabla adui hajauzingira. Anamwambia, “Kama hamtaki kuamini, bila shaka hamtathibitika.” Katika Kiebrania vitenzi hivyo viwili ni kitenzi kimoja kilichonyambuliwa mara mbili, kana kwamba nabii anasema kuwa anayeegemea huupata uthabiti wa kile anachokiegemea. Ahazi hakukosa cha kuegemea. Kitabu cha pili cha Wafalme kinaeleza kwamba alichukua fedha na dhahabu za nyumba ya Bwana, akazituma kwa mfalme wa Ashuru na kumwita aje kumwokoa. Aliuweka uzito wake huko, na Ashuru ikamlalia yeye na wana wake baada yake.

Wayahudi waliotafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki, na baada yao waandishi wa Agano Jipya, walitumia neno pistis, ambalo limebeba kuamini na uaminifu kwa pamoja. Paulo anapolitaja tunda la Roho katika Wagalatia 5:22, Biblia ya Kiswahili inasema “uaminifu”. Anapowauliza Warumi kama kutokuamini kwa watu kutaubatili uaminifu wa Mungu, inasema vilevile. Na nyuma ya tafsiri zote mbili limo neno ambalo kwingine tunaliita imani. Mungu naye, kwa lugha ya Paulo, ana pistis. Usemi huo hauna maana ikiwa imani ni kukubali tu kwamba mambo fulani ni ya kweli. Unaeleweka mara moja ikiwa ni kushikamana na mtu na kutomwacha. Kiswahili kinalo pia neno sadiki, ambalo mkazo wake uko katika kuukubali ukweli wa jambo. Wakatoliki husema “Nasadiki” wanapokiri Kanuni ya Imani, huku Walutheri na Waanglikana wakisema “Namwamini”, na sioni haja ya kuwagombanisha, kwa sababu Mkristo ana mambo ya kusadiki na ana wa kumwamini. Ninachotaka kionekane ni kile kiambishi kidogo katikati ya “namwamini”, kile kinachosimama badala ya mtu. Ukikiondoa, kinachobaki ni maoni.

Abrahamu, anayeitwa baba wa wote waaminio, husimuliwa mara nyingi kana kwamba hakuwahi kuuliza. Katika Mwanzo 15 anatolewa nje usiku, mzee asiye na mtoto, anaambiwa azihesabu nyota kama anaweza. “Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki.” Wakristo wamejenga juu ya mstari huo jengo zima la mafundisho, na wengi wetu tunaishia hapo. Mistari miwili mbele, mtu huyuhuyu ambaye amekwisha kuhesabiwa haki anauliza atajuaje kwamba atairithi nchi aliyoahidiwa, wala hakemewi kwa kuuliza, anapewa agano. Katika sura ya 16 anamchukua Hajiri ili ahadi isikawie. Katika sura ya 17, akiwa na miaka 99, anaanguka kifudifudi mbele za Mungu na kucheka, akijiuliza moyoni kama mtu wa miaka 100 atapata mtoto. Sara naye anacheka mlangoni pa hema. Mtoto anapozaliwa anaitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka, na hivyo kicheko cha shaka kikapewa jina, kikanyonyeshwa, kikaitwa kwa upendo kila siku ndani ya nyumba ile. Paulo anaposema katika Warumi 4 kwamba Abrahamu hakusita kwa kutokuamini, sidhani kwamba amekisahau kicheko. Aliitazama miaka yote kwa mkupuo mmoja, akamwona mtu aliyeuliza, aliyecheka, aliyekosea njia, na ambaye hakuondoka.

Kutoka hapo niende moja kwa moja kwenye Marko 9, kwa sababu ndipo palipo na jibu la mama yule, kama lipo. Baba mmoja amemleta mwanawe kwa wanafunzi wa Yesu, nao wameshindwa kumponya. Waandishi wanabishana nao, umati umewazunguka, mtoto anaanguka chini na kugaagaa huku akitokwa na povu. Yesu anamwuliza baba swali ambalo daktari yeyote angeuliza: amepatwa na haya tangu lini? Tangu utoto, anajibu, na mara nyingi yamemtupa katika moto na katika maji. Jibu hilo limebeba miaka mingi ya kukesha, ya kutouacha moto bila mtu, ya kutomwacha mtoto karibu na kisima. Kisha anaongeza, “lakini ukiweza neno lo lote, utuhurumie, na kutusaidia.” Yesu analishika lile “ukiweza” na kumrudishia, akisema kwamba yote yawezekana kwake aaminiye. Kwa fundisho la kibaba, hapa ndipo kipimo kinapotolewa. Baba anapaza sauti: “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.”

Sentensi hiyo ningependa isomwe polepole. Vitu viwili ambavyo tumezoea kuvitenga vimekaa katika kinywa kimoja na katika pumzi moja. Mtu huyu hakungoja shaka yake iishe ndipo aombe. Aliileta shaka yenyewe kwa Yesu kama alivyomleta mtoto, ikiwa ugonjwa wa pili wa nyumba yake, akaiombea nayo. Anayesema “nisaidie” tayari amekwisha kuegemea. Yesu hakumwambia aende akaongeze imani ndipo arudi. Alimkemea pepo, akamshika mtoto mkono, akamwinua, naye akasimama.

Mathayo anakisimulia kisa hichohicho, na anaongeza jambo ambalo mgeni yule wa kando ya kitanda angelijua, nadhani, asingesema alichosema. Wanafunzi wanamwendea Yesu faragha na kumwuliza kwa nini wao hawakuweza kumtoa pepo. Anawajibu kwamba ni kwa sababu ya upungufu wa imani yao. Neno lipo, basi: upungufu wa imani. Lakini limeelekezwa kwa waombeaji walioshindwa. Mtoto hakuambiwa, wala baba yake aliyekiri waziwazi kwamba anapungukiwa. Na mara baada ya hapo Yesu anaitaja imani iliyo kiasi cha punje ya haradali kuwa yatosha kuhamisha mlima. Anayetaka kuonyesha umuhimu wa wingi hachagui mfano wa punje ndogo kuliko zote alizozijua msikilizaji wake.

Mathayo ana kawaida nyingine inayostahili kuangaliwa. Maneno “imani haba” katika Injili yake huwaangukia walio karibu na Yesu: wafuasi wanaosumbukia mavazi, wanafunzi wenye hofu chomboni wakati wa dhoruba, Petro anayezama. Imani kubwa anaiona kwa akida wa jeshi la Rumi na kwa mwanamke Mkananayo, watu wa nje ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kanuni yoyote, na wote wawili walikuwa wakimwombea mtu mwingine, mmoja mtumishi wake, mwingine binti yake. Hata pale imani inapoitwa haba, tazama utaratibu wa matukio. Petro anazama, anapiga kelele, na mara Yesu ananyosha mkono na kumshika; kuulizwa kwa nini aliona shaka kunakuja baadaye, akiwa amekwisha kushikwa. Tuna methali kwamba haba na haba hujaza kibaba, na ni njema kwa mengi, lakini Petro hakuambiwa ajaze kitu kabla ya kuokolewa.

Kuna pingamizi la haki hapa, nami sitaki kulikwepa. Yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 aliambiwa, “Binti, imani yako imekuponya”. Na huko Nazareti, kwa maneno ya Marko 6, Yesu hakuweza kufanya muujiza wowote isipokuwa kuwaponya wagonjwa wachache, akastaajabia kutokuamini kwa watu. Je, haya hayaonyeshi kwamba imani ndiyo inayofungua au kufunga mlango? Kuhusu Nazareti, kutokuamini kunakosimuliwa ni kwa wenyeji waliomdharau seremala waliyemfahamu pamoja na mama yake na ndugu zake, wala hakumtaji mgonjwa hata mmoja aliyekuja akakosa. Wachache walioletwa waliponywa. Kuhusu mwanamke yule, alikuwa amekuja kwa nyuma, kwa kujificha, akiwa na hofu na kutetemeka, na maneno ya Yesu yalikuja baada ya uponyaji, ili aondoke kwa amani na asidhani kwamba ameiba. Ni neno la kufariji, na kuligeuza likawa fimbo ya kumpigia ambaye hajapona ni kulifanyia jeuri. Nimezipitia Injili zote nne nikitafuta mahali ambapo mgonjwa aliyemjia Yesu alirudishwa nyumbani na ugonjwa wake kwa kuwa imani yake haikutosha. Sijapaona.

Kinachoonekana ni kinyume chake. Katika Yohana 5, mtu aliyeugua miaka 38 anaponywa hata hamjui aliyemponya ni nani. Paulo anamwomba Bwana mara tatu aondolewe mwiba katika mwili wake, na jibu analopewa ni kwamba neema yamtosha. Timotheo ana tumbo linalomsumbua na anashauriwa atumie divai kidogo. Na mwishoni mwa waraka wa pili kwa Timotheo kuna taarifa fupi kwamba Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Ni mstari mmoja tu, hauna maelezo wala lawama, na mara ngapi nimetamani ungehubiriwa.

Lipo jambo jingine ambalo mtazamo wa ujazo hauwezi kulibeba kabisa. Katika Marko 2, watu wanne wanamleta mwenye kupooza, wanaukuta mlango umezibwa na umati, wanapanda, wanaitoboa dari, wanateremsha godoro. Udongo unawadondokea waliokaa chini, mwanga unaingia mahali ambapo haukuwapo, na kila mtu anatazama juu. Marko anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao, kwa wingi. Mgonjwa huenda alikuwa nayo na huenda hakuwa nayo; hajasema neno. Wenzake walimbeba, na ubebaji huo ndio ulioonekana na kuitwa imani, kama vile uthabiti wa mikono ya Musa ulivyokuwa mikononi mwa Haruni na Huri. Kanuni iliyotungwa huko Nikea mwaka 325 nayo iliandikwa kwa wingi, “Tunaamini”, kwa hiyo anayesali leo akiwa amechoka sana huingia ndani ya kitenzi ambacho wengine wanakishikilia. Mgeni wetu alipokuja kando ya kitanda kile, kazi yake ilikuwa kushika kona moja ya godoro.

Wapo watakaohofu kwamba nikisema hivi naifanya imani kuwa jambo jepesi, lisilodai chochote. Waraka wa Yakobo unajibu hofu hiyo vizuri kuliko niwezavyo mimi. “Mashetani nao waamini na kutetemeka,” anaandika, akiwa amekwisha kuwapongeza kidogo wanaoamini kwamba Mungu ni mmoja. Mashetani hawana shaka yoyote. Kwa kipimo cha uhakika wa akilini, wao wana imani kamili kumshinda Tomaso, kumshinda yule baba, kumshinda hata Abrahamu akicheka. Na uhakika huo haujawasaidia, kwa kuwa hawamwegemei yule wanayemjua. Sidhani kama kuna mstari mwingine unaolibomoa fundisho la kibaba kwa maneno machache hivyo.

Yakobo na Paulo wamegombanishwa kwa karne nyingi. Wote wawili wanaunukuu mstari uleule wa Mwanzo 15. Mmoja anasema mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria, mwingine anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, wala si kwa imani peke yake. Martin Luther, katika Agano Jipya la Kijerumani la mwaka 1522, aliongeza neno “peke yake” katika Warumi 3:28, na katika dibaji yake akauita waraka wa Yakobo kuwa waraka wa majani makavu. Makanisa yaligawanyika juu ya neno hilo, na ilichukua mpaka tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, kwa Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani kutia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Sitajifanya kwamba ugomvi wote ulikuwa wa maneno. Lakini ukiyarudisha maneno kwenye mzizi wake, sehemu kubwa ya fundo hulegea. Paulo anapigana na wanaodhani kwamba Mungu ananunuliwa, kwa hiyo anakazia kuegemea. Yakobo anapigana na wanaomwambia maskini aliye uchi na mwenye njaa aende zake kwa amani, akaote moto na kushiba, huku hawampi kitu. Kwa hiyo anakazia uaminifu. Mtu aliyeegemea kweli ameuhamisha mwili wake, na mwili ukihama huonekana. Paulo mwenyewe anaandika kwa Wagalatia juu ya imani itendayo kazi kwa upendo, na Yakobo asingebadilisha hata nukta.

Uaminifu wa namna hiyo haufungi mkataba na matokeo. Vijana watatu mbele ya tanuru la Nebukadneza, katika Danieli 3, wanasema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wanaongeza maneno ambayo nayahesabu kuwa kilele cha kitabu kile: “Bali kama si hivyo.” Hata kama si hivyo, hawataisujudia sanamu. Na Waebrania 11, sura inayosomwa kila mahali imani inaposifiwa, ina mpasuko katikati ya mstari wa 35 ambao wasomaji wa hadharani hupenda kuishia kabla yake. Wanawake walipokea wafu wao waliofufuliwa. Na papo hapo, pasipo hata mstari mpya, wengine waliteswa, wakapigwa mawe, wakakatwa kwa misumeno, wakazunguka wakiwa wamevaa ngozi za kondoo. Mwandishi hatenganishi imani ya waliookoka na imani ya waliokufa. Wote anawaweka chini ya sifa moja, na wote anasema hawakuipata ahadi.

Narudi kwa mama yule, ambaye alifariki bila mimi kumjibu. Laiti ningekuwa na saa moja zaidi kando ya kitanda kile, ningemsomea waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, ambapo anazungumza mfungwa anayejua kwamba siku zake zimekwisha: “kwa maana namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile.” Hasemi anaamini kiasi gani. Anasema anamjua nani. Kigiriki cha mstari huo kinasema tu “amana yangu”, na wafasiri hawajaafikiana kama ni kile alichokiweka kwa Mungu au ni kile ambacho Mungu amekiweka kwake. Mistari miwili mbele Timotheo anaambiwa ailinde amana nzuri, na huko ni wazi kwamba amewekewa yeye. Ndani ya sura moja amana inakwenda huku na huku, kila upande ukimtunzia mwenzake. Ningeyasoma maneno hayo polepole, nikaanzia pale pa “namjua yeye”. Neno amana nisingehitaji kumfafanulia mtu aliyetunza funguo za watu maisha yake yote.